Mwenyekiti wa Maporomoko

Hakuna aliyeruhusiwa kuyatazama maporomoko kabla hayajafunguliwa. Hiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya Mwenyekiti, na aliisimamia kuliko sheria zote za usalama. Ungeteremka bonde zima kwa makalio, umeshikilia mizizi, kiatu kimoja kimebaki kwenye tope, mvumo wa maji unausikia hapo hapo nyuma ya kichaka, halafu filimbi inalia. Mnasimama. Mnajipanga. Mwenyekiti anapita mbele, anajifuta jasho, anayapa maji mgongo, anawakabili ninyi na kuanza: "Ndugu wanachama, itifaki imezingatiwa."

Itifaki ipi, Mungu ndiye anayejua. Tulikuwa watu wachache tusioweza hata kuijaza kosta ya kukodi: mimi na duka langu la rangi pale Igogo, walimu kadhaa, nesi mmoja aliyekuwa likizo kila mara, na Bhai, mfanyabiashara wa spea ambaye babu yake alifungua duka mjini kabla mji haujawa mji. Umoja wetu uliitwa Umoja wa Watembea Makorongo. Bhai alijiunga akidhani ni umoja wa kutazama ndege. Alisikia korongo, akamfikiria yule ndege mwenye miguu mirefu, akaja safari ya kwanza na darubini shingoni. Tulipomwonyesha shimo lenye mto chini yake, alilitazama kwa muda mrefu, akasema, "Sasa hili litaruka saa ngapi?" Hata hivyo hakujitoa. Alisema ameshalipenda joho.

Joho lenyewe lilikuwa kizibao cha kung'aa cha waendesha bodaboda, ambacho Mwenyekiti alitulazimisha kukivaa porini ili tusipotee. Yeye mwenyewe hakukivaa. Yeye alivaa suti ya kaunda ya rangi ya ugoro na viatu vya ngozi vilivyopigwa kiwi. Nilimuuliza mara moja kwa nini anakwenda kwenye korongo amevaa kama anakwenda kwenye mahafali. Akanijibu kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mtoto: "Katibu, maji yale yameporomoka tangu zamani bila mtu kuyaheshimu. Sisi tukienda na kaptula, tutakuwa na tofauti gani na mbuzi?"

Alipenda uongozi kama wengine wanavyopenda sukari. Tulikuwa na kamati ya chakula, kamati ya usalama, kamati ya picha, kamati ya nidhamu, na kamati ya kuratibu kamati. Kamati zilikuwa nyingi kuliko wanachama, kwa hiyo kila mtu aliongoza mbili, na mimi nilikuwa katibu wa zote. Mke wake, mama mkimya mwenye macho ya kucheka, aliniambia siku moja nyumbani kwao Ilemela, kwenye ile miamba nyuma ya uwanja wa ndege: "Mwacheni atembee, mwanangu. Akishinda hapa ananifungulia mkutano jikoni. Juzi ugali uliungua, akaunda tume."

Usidhani alikuwa mtembeaji. Mjini hakutembea kabisa. Kutoka nyumbani kwake hadi kibanda cha vocha ni mwendo wa kumaliza pipi, lakini alipanda bodaboda kwenda na kurudi, akimsihi dereva apite polepole kwenye matuta. Alituhimiza tusitupe hata ganda la karanga porini, halafu yeye mwenyewe alirudi kila safari na mawe mfukoni, akayapanga uani mpaka mke wake akakosa pa kuanika dagaa. Na kubwa kuliko yote, aliogopa maji. Mtu wa visiwani, amelelewa na ziwa pande zote, hajui kuogelea hata kwenye beseni. Ndiyo maana nasema yapo maporomoko aliyoyafungua ambayo hakuwahi kuyaona. Aliyapa mgongo, akahutubia, akapigiwa makofi, akapanda juu haraka kwenda kukagua chakula.

Niseme pia kuhusu ulimi wake, maana bila ulimi huo nisingekuwa na cha kusimulia. Akiwa ametulia, Mwenyekiti alizungumza Kiswahili safi kama cha taarifa ya habari. Akishapandwa na hotuba, l zote ziligeuka r. Leo ikawa reo, kabla ikawa kabra, na wanachama walio mbali waliambiwa wasogee wasiwe mbari. Ukimwambia, alikataa kabisa. "Nani? Mimi? Hao ni watu wa vijijini, Katibu. Mimi nimesoma." Na kweli alikuwa amesoma. Alikuwa amestaafu ofisi ya ardhi, akiwa amepima viwanja vya watu wengine maisha yake yote.

Sasa kuna jambo moja ambalo wenzangu walilichukulia kama kichekesho, na mimi pia kwa muda mrefu. Kila tulipofika kwenye maporomoko, Mwenyekiti alimtafuta mwenyeji yeyote, mama anayefua, mzee anayechunga, na kumuuliza: "Hapa panaitwaje?" Mwenyeji alijibu. Kila mahali palikuwa na jina. Pengine paliitwa jina la ng'ombe aliyezama, au la mganga, au sauti tu ya maji. Mwenyekiti alisema ahsante, na uso ukamwanguka. Nilidhani anachoka. Bhai alidhani ana kisukari.

Nilikuja kujua ukweli Kigongo, miaka ile tulipovuka kwa kivuko, kabla daraja halijakamilika. Kivuko kilikuwa kimechelewa, tunakula mahindi ya kuchoma, wenzetu wamelala ndani ya kosta. Aliyatazama maji kwa mbali, kama kawaida yake.

"Katibu," akasema, "wewe una watoto?"

"Wawili, Mwenyekiti."

"Kuna aliyepewa jina la baba yako?"

"Yupo. Wa kwanza."

Akatafuna hindi lake. "Mimi na mama hatukujaliwa. Nilitegemea ndugu zangu. Wakazaa, tena sana. Unajua wamewaitaje? Wamewapa majina ya wacheza mpira. Kuna mmoja ana jina la Mbrazili, mama yake mwenyewe hawezi kulitamka." Hakucheka. "Jina langu ni la babu wa babu yangu. Likifika kwangu, limekwisha. Nimepima ardhi ya nchi hii miaka yote ile, na hakuna hata kichochoro kinachoitwa kwa jina langu. Nikipata poromoko moja tu ambalo halina jina, Katibu. Hata dogo. Hata la msimu."

Mimi ni mtu wa kutania, kila anayenijua analijua hilo. Siku ile sikutania. Nilimwonea huruma, na tangu hapo kila alipouliza "Hapa panaitwaje?" nilijikuta naomba kimoyomoyo mwenyeji aseme hajui. Wakajua wote, washenzi wale.

Ndipo tukaenda mpakani, kule mkoa wa Kagera unakogusana na nchi jirani. Dereva wa kosta alikuwa amemwambia Mwenyekiti kuhusu mto unaojitupa kwenye bonde refu, ng'ambo yake ni nchi nyingine. Tulilala mji wa wilaya, asubuhi tukaliacha gari barabarani na kuanza kuteremka kwa miguu katikati ya migomba. Njiani simu zetu zilichanganyikiwa. Zilishika mtandao wa ng'ambo, zikatukaribisha kwa lugha ya ng'ambo, na saa zikarudi nyuma saa nzima, kwa kuwa wenzetu wale wako nyuma yetu. Wengine wakaanza kusema bado mapema, tupumzike. Mwenyekiti akainua mkono wenye saa ya mshale. "Mimi siongozwi na simu. Ni karibu saa saba. Twendeni."

Saa saba kamili tukaingia kwenye boma moja lililo juu kabisa ya bonde. Hatukuwa na namna ya kulikwepa, njia ilipita uani. Na uani palikuwa na turubai, mabenchi yenye vitambaa, pombe ya ndizi imewekwa kwenye kibuyu na mirija yake, na watu wazima wamevaa nguo za kanisani. Walipotuona wakasimama wote. Akina mama wakapiga vigelegele.

Naapa, sijawahi kumwona Mwenyekiti na uso ule. Miaka yote alipokewa na mbwa na watoto. Sasa ametokea kijiji kinachojua itifaki.

"Shikamooni wazee," akasema.

"Marahaba, karibuni sana. Mmetoka Mwanza?" akauliza mwenye boma, mzee mrefu mwenye koti kubwa.

"Mwanza moja kwa moja."

"Basi ndio ninyi. Tumewasubiri tangu asubuhi. Kaeni."

Tulikaa. Mimi niliona kuna kitu hakijakaa sawa, lakini nilikuwa na kiu, na pombe ile ilikuwa baridi. Mwenye boma akatupa nafasi tueleze shida yetu. Mwenyekiti akasimama, akafunga kifungo cha suti, na nikaona ulimi unaanza kupata moto.

"Wazee wangu, sisi hatuna maneno mengi. Tumetoka mbari kwa ajiri ya kitu kimoja tu. Mahari."

Alikusudia mahali. Alikusudia korongo. Lakini pale penye turubai kila mtu alisikia mahari, ile inayolipwa mtu akiposa, na watu wakatazamana.

"Mnaanzia huko huko?" akauliza mwenye boma. "Hata jina la kijana hatujalisikia."

"Vijana wapo, tumekuja nao," akasema Mwenyekiti, akituonyesha sisi tuliovaa vizibao. "Mzee, sifa za mahari tumezisikia tangu kure mjini. Tunaambiwa ni ajabu tupu. Tumekuja kuona kwa macho, tupige picha, turudi tukawatangazie wengine nao waje."

Vigelegele vilishanyamaza. Shangazi mmoja mnene, aliyekaa mlangoni kama mlinzi wa benki, akauliza polepole: "Kuona? Nani ataona?"

"Wote, mama. Kwa zamu, bira kusukumana. Isipokuwa huyu Bhai, yeye ana magoti mabaya. Ataangaria kwa mbari na darubini."

Bhai, maskini, akainua darubini na kutabasamu ili aonekane vizuri. Mwenye boma akasimama. Vijana wawili wa familia wakasimama nyuma yake. Nilimvuta Mwenyekiti suti nikamnong'oneza, "Mwenyekiti, hapa kuna posa. Wanadhani sisi ni wakwe." Akaniambia ninyamaze, hotuba haikatizwi.

Tuliokolewa na wakwe wenyewe. Walitokea juu ya kilima, wametoka Mwanza kweli, wameloa jasho ndani ya suti, wamebeba mablanketi na kreti za soda. Walikuwa wamekaa njiani kwenye kivuli wakingoja saa saba waliyopangiwa, ila ile ya kwenye simu zao. Mshenga wao alipotukuta tumeketi kwenye mabenchi yao tunakunywa pombe yao, karibu alie. "Jamani, tumeshapitwa?"

Ilichukua muda kueleweshana. Ni mimi niliyesimama na kulitamka neno lile kwa herufi zake zote: ma-ha-li, sehemu, bonde lile pale, maji yale. Kisha shangazi yule wa mlangoni akaanza kucheka. Alicheka mpaka akateremka kwenye kigoda, akakaa chini, akapiga ardhi viganja. "Kwa zamu!" akasema. "Bila kusukumana!" Boma zima likalipuka, hata bibi harusi mtarajiwa tukamsikia anacheka ndani, mahali ambapo hakutakiwa kusikika. Mtu mmoja tu hakucheka. Mwenyekiti alikuwa amekaa wima, anakunja na kukunjua kitambaa chake cha jasho. "Nilisema mahari," akaniambia. "Mahari. Sasa wao wamesikiaje?"

Hawakutufukuza. Walitulisha na wakwe, na mambo yao yalipokwisha salama, mwenye boma mwenyewe akatupeleka bondeni, na nusu ya harusi ikatufuata kwa furaha ya siku. Njia ilishuka kwenye mawe yenye utelezi. Maji yalikuwa yanaanguka kutoka kwenye ukuta mweusi, kwa kishindo, yanatoa moshi, na upande wa pili wa moshi ule ndio nchi ya watu. Yalikuwa mazuri kuliko yote tuliyowahi kuyaona. Nasema hivi kwa kuwa siku hiyo hatukungoja ufunguzi. Mwenyekiti alisahau filimbi. Alimsogelea mwenye boma na kumuuliza, na mimi nilikuwa karibu, roho iko mkononi.

"Hapa panaitwaje?"

Mzee akakuna kidevu. "Hapa? Hapana jina. Tunasema tu kule majini. Mtu akienda, tunajua amekwenda."

Mwenyekiti alinigeukia. Macho yalikuwa yamelowa, na haukuwa moshi wa maji.

"Mkiruhusu," akamwambia mzee, "ningeomba kupapa jina."

"Pape tu. Jina haliliwi."

Basi akapanda juu ya jiwe, na kwa mara ya kwanza alisimama karibu na maji kiasi cha kurushiwa matone. Alihutubia. Mikono iliinuka, mdomo ulifunguka, mishipa ya shingo ilisimama. Kuhusu maneno, hakuna aliyesikia hata moja. Maporomoko yalikuwa yanazungumza yenyewe na hayakumpa nafasi. Mimi niliyesimama chini ya jiwe lake nililisikia jina, majina yake yote matatu, akiyapiga kelele kama mtu anayeita kivuko kilichokwisha kuondoka. Waliokuwa nyuma waliona mikono imeshuka, wakadhani amemaliza, wakapiga makofi. Shangazi alipiga kigelegele. Mwenyekiti alishuka akiwa amelowa mpaka kwenye soksi, na njia nzima ya kurudi Mwanza hakuunda kamati yoyote.

Baada ya hapo hakutaka safari nyingine. Alisema magoti. Yalikuwa magoti kweli, lakini pia alikuwa amepata alichokuwa anakitafuta. Umoja ukafa taratibu, kama vyama vyetu vinavyokufa, bila mtu kutangaza. Bhai alihamia kwenye kutazama ndege. Ukipita Ilemela ungemkuta Mwenyekiti uani na mawe yake, akimweleza fundi bomba au muuza maziwa habari za "yale maporomoko yangu kule mpakani." Yeyote aliyekuwa na safari ya upande ule alipewa ujumbe: "Ukifika, waulize panaitwaje."

Mwaka huu ni mimi niliyepata safari. Kuna shule ilikuwa inapakwa rangi kule kule wilayani, nikaenda na mzigo. Nilipomaliza nikachukua bodaboda mpaka njia ya lile boma. Kabla sijasema neno, kijana wa bodaboda akauliza, "Unakwenda Mahari?"

"Mahari ndiyo wapi?"

"Huko kwenye maporomoko. Wote wanapaita Mahari." Akaanza kucheka kabla hajasimulia. "Zamani walikuja wazee wa Mwanza, wakaingia kwenye posa ya watu, wakasema wamekuja kutazama mahari kwa zamu. Sasa ndiyo jina. Hata kibao cha kijiji kinasema hivyo."

"Na huyo mzee aliyesema, anaitwa nani?"

"Hatumjui. Mzee mmoja tu."

Kutoka pale mpaka Mwanza nilikuwa natunga uongo. Niliutunga vizuri, wenye kibao na jina lake kwa herufi nyeupe. Nilifika Ilemela jioni moja, jua bado liko juu ya ziwa. Mwenyekiti alikuwa kwenye kiti cha plastiki, amekonda, suti ya kaunda imekuwa kubwa kama ya kuazima.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, Katibu. Umefika kule?"

"Nimefika."

Hakuzunguka. "Panaitwaje?"

Ule uongo ulikuwa hapo mdomoni, tayari. Lakini nilikuwa nimemsikia akiwauliza swali hilo watu wengi sana, na hakuna hata mmoja aliyemdanganya kwa kumhurumia. Nikasema, "Mahari."

"Nimekuuliza jina, unaniambia mahali."

"Mahari, Mwenyekiti. Ya posa. Wanapaita hivyo kwa sababu ya siku ile."

Alikaa akilisikiliza hilo neno. Niliona linavyomfikia, na namna anavyoligeuza, na pale alipolielewa. Nilitamani acheke. Nilitamani nicheke mimi, ili anifuate.

"Jina rangu harimo," akasema.

"Halimo. Maji yalikuwa na kelele. Hakuna aliyelisikia."

"Hakuna hata mmoja?"

"Mimi nililisikia. Nilikuwa chini ya jiwe."

Akanitazama. Miaka yote ile nilikuwa sijawahi kumwita zaidi ya Mwenyekiti, wala yeye kuniita zaidi ya Katibu.

"Ritaje," akasema.

Nikasimama. Sijui kwa nini nilisimama, nadhani ningeona aibu kulitaja nimekaa. Nikalitaja, majina yote matatu, kwa sauti ya mtu wa sokoni, mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta na mke wake akatoka jikoni na mwiko mkononi, ameshtuka.

"Nani anaitwa?" akauliza mama.

"Mimi," akasema mzee, huku akijiinua kwenye kiti kwa mikono yote miwili. "Ninaitwa mimi."